Lengelenge la panya si lengelenge la mtu

Juzi tulikwenda skuli moja huku Wete kuzungumza na vijana juu ya kemikali, mmoja akauliza, hivi nyie watafiti mna roho gani kumtia panya kemikali ya kuunguza? Kengele ikagonga sijamjibu vizuri, basi namjibu hapa.

Aliekulia huku anajua korosho mbichi, ukilitafuna ganda lake yale mafuta yanakuunguza midomo mpaka malengelenge. Sasa kuna kemikali za vita zinafanya kama hivo ila kwa ukali mkubwa, mashuhuri ni gesi ya haradali, ambayo haradali haimo na wala si gesi khasa, ni kitu cha maji maji kama mafuta, ilianza kutumika vitani Ypres huko Ubelgiji Julai 1917, na miaka ya 1980 Iraq ikawapiga nayo Wairani. Ubaya wake haiumi papo hapo. Inakugusa asubuhi, unaendelea na shughuli zako, jioni ngozi inaanza kuwasha na usiku malengelenge ndo hayo, na dawa ya kuizima ikishaingia ngozini mpaka leo hakuna.

Hiyo dawa utaitafutia kwa nani? Zamani Uingereza na Marekani waliwajaribia askari wao wenyewe, aibu tupu. Ndo wakabaki wanyama, na hapa pana mtihani, mana hakuna mnyama anaetoa lengelenge kama letu. Panya wanampaka hiyo haradali sikioni, kesho yake wanakata kipande kidogo cha duara wanakipima kwenye mizani, kikizidi uzito ujue sikio limevimba, limejaa maji. Basi, ni uvimbe tu huo. Simbilisi wasio na manyoya wanatoa vilengelenge vidogo mpaka uchungulie kwa hadubini. Ukitaka kujua kidonda kitapona vipi unakwenda kwa nguruwe, najua wengine mshakunja uso, lakini ngozi yake nene na manyoya machache ndo inayotukaribia. Panya chini ya ngozi ana msuli mwembamba unaovuta kidonda kikafunga kama mdomo wa mkoba wa kamba, sisi ngozi mpya inabidi iote kutoka pembeni, kwa hiyo dawa ikimponya panya mimi sishangilii mapema.

Na si kuunguza ovyo, tokea 1959 kuna msingi wa kupunguza idadi ya wanyama, kuwapunguzia maumivu na kuwaacha kabisa panapowezekana, siku hizi hata ngozi ya mtu inaoteshwa maabara.

Wewe nyumbani ukimwagikiwa na kemikali ya maji maji, iwe asidi ya betri, vua nguo haraka ujimwagie maji mengi hata kama huskii maumivu, dawa ya mswaki usipake. Na maji ya ndani ya lengelenge la haradali hayana tena kemikali, watu wanayaogopa bure, ila usilitumbue, vijidudu vitapata njia.