Usaili katika duka la vifaa vya farasi: tunayoambiana kuhusu mavazi na yaliyo kweli

Duka la vifaa vya farasi huwezi kulikuta kila mtaa hapa Uganda. Farasi wenyewe ni wachache, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika vimewapa shida miaka yote. Lakini wapo. Munyonyo, pale Kampala, wapo, Jinja watu huwapanda kando ya Nile, na kule Ziwa Mburo watalii hutazama pundamilia wakiwa juu ya tandiko. Palipo na farasi hapakosi mtu wa kuuza matandiko, hatamu, kofia ngumu na buti, na huyo naye huhitaji msaidizi. Nimeuza vifaa hivi miaka kadhaa, na vijana wanaoitwa usaili hunijia na swali la nguo. Wengi huja wakiwa wameshajijibu, tena vibaya.

Dhana: uvae kama mpanda farasi.

Hii ndiyo inayowamaliza watu fedha. Dada mmoja alikopa kwa shangazi yake ili anunue suruali ya jodhpuri na buti ndefu, eti aonekane anaifahamu kazi. Suruali ile, iliyopewa jina la mji wa Jodhpur huko India, ni vazi la juu ya farasi: inabana ili isijikunje chini ya goti na kumchubua mpandaji. Dukani haina kazi. Ukiingia nayo umeshatangaza kuwa unapanda, na anayekusaili huenda amepanda tangu utotoni. Atakuuliza unapanda wapi na farasi wa namna gani, na jibu lako litakuwa kimya.

Ukweli ni kwamba shati safi lenye kola na suruali ya kadeti vinatosha, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Nguo za kupandia zivae pale tu utakapoambiwa mapema kwamba utapelekwa zizini ukapande.

Dhana: basi suti na tai, ndiyo heshima.

Heshima ipo, sikatai. Lakini tazama kazi yenyewe. Mteja ameketi, nawe umepiga goti sakafuni unampima mguu kwa utepe ili ujue buti ndefu itapita kwenye shavu la mguu au itakwama. Baadaye unamvika mtoto wake kofia ngumu, ukihakikisha imekaa sawa, vidole viwili hivi juu ya nyusi, wala haichezi akitikisa kichwa. Kisha unateremsha tandiko kutoka juu, na tandiko laweza kufika kilo 10. Anayekusaili anaiwaza kazi hiyo tangu unapoingia mlangoni.

Kwa hiyo jaribu nguo nyumbani siku moja kabla. Chuchumaa hadi chini, simama, nyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa. Shati likichomoka au suruali ikikukaba mapaja, badilisha. Koti kama unalo libebe mkononi.

Na mkanda! Hili halisemwi popote, na mimi lilinigharimu. Siku ya usaili wangu wa kwanza nilivaa mkanda wenye bizimu pana ya chuma. Mwenye duka, mzee mpole, akaniambia, "Mwanangu, niwekee lile tandiko pale juu." Nikalikumbatia kama mtu anavyobeba mtoto, likanilalia tumboni. Nilipolitua, ubavuni mwake palikuwa na mstari mweupe, urefu wa kidole, kwenye ngozi ya kahawia ambayo haikuwahi kuguswa na farasi yeyote. Mzee hakunigombeza. Alichukua kitambaa chenye nta akasugua polepole. Mstari ukafifia, haukuisha. Kazi ile sikuipata. Niliipata katika duka jingine mwaka uliofuata, nikiwa na mkanda wa kitambaa.

Pete zenye kona, bangili na saa nzito nazo huchubua ngozi vilevile. Ziache nyumbani. Kucha ziwe fupi.

Dhana: mwanamke lazima avae sketi.

Najua wazazi wetu wengi wanavyolichukulia hili, na sitaki binti agombane na mama yake asubuhi ya usaili. Lakini katika biashara hii suruali ya heshima haimshangazi yeyote, na kupiga goti ukiwa na sketi ya kubana ni mateso. Ukipenda sketi, iwe pana na ivuke magoti. Hijabu haina tatizo lolote. Ibane vizuri, ncha zake zisining'inie mbele, maana ukiinama zitamwangukia mteja usoni.

Dhana: nguo za mitumba zitakuaibisha.

Si kweli hata kidogo. Owino, soko la mitumba pale Kampala, utapata shati zuri la pamba kwa bei ambayo duka la nguo mpya halitakupa. Kinachoonekana ni kola iliyofuliwa na pasi iliyopita vizuri. Kama pasi yako ni ya makaa, angalia majivu kabla hujaigusisha shati jeupe.

Dhana: viatu vyovyote ilimradi vinang'aa.

Viatu vya wazi hapana, hata viwe vya bei gani. Maduka mengine yako ndani ya ua wa mazizi, huenda ukatembezwa kuwaona farasi siku hiyohiyo, na farasi mkubwa huzidi kilo 400. Akikukanyaga kwenye kandambili, vidole vitavunjika. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote, kisigino kifupi, vimepigwa rangi.

Tatizo letu ni njia. Miezi ya mvua, boda boda itakushusha getini na tope jekundu hadi kwenye vifundo. Nenda na gumbuti, viatu vyako viwe ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kitambaa chenye maji kidogo cha kufutia pindo la suruali. Fika robo saa mapema ubadilishe hapo nje. Askari wa getini ukimsalimu vizuri atakuhifadhia gumbuti mpaka utoke.