Je, Wajua? Mchunga Kondoo Aliyetujulisha Mke wa Shakespeare ni Binti wa Nani

Kitabu cha ubatizo cha Kanisa la Utatu Mtakatifu, Stratford-upon-Avon, kinaonyesha kwamba William Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Wadogo zake wamo. Wanawe watatu wamo. Mkewe, Anne Hathaway, hayumo. Bamba la shaba kwenye kaburi lake linasema alifariki tarehe 6 Agosti 1623 akiwa na miaka 67, yaani alizaliwa mwaka 1556 au karibu na hapo, na kitabu cha Stratford kinaanza mwaka 1558. Ingizo la ndoa yake kanisani nalo halijapatikana hadi leo. Hata hivyo wanahistoria wanamtaja baba yake kwa jina, wanakitaja kijiji chake, na wanajua mzee huyo alimwachia binti yake kiasi gani hadi peni ya mwisho. Wamejuaje?

Nilipousoma kwa mara ya kwanza wosia wa huyo anayetajwa kuwa baba, Richard Hathaway wa Shottery, mkulima, nilienda moja kwa moja kutafuta jina Anne. Halimo. Wosia huo wa Septemba 1581 unawataja mabinti Agnes, Catherine na Margaret. Nikahitimisha kwamba Anne ama hakuwa binti yake, ama alinyimwa urithi. Nilikosea kote kuwili, na makosa hayo mawili ndiyo yanayowapoteza wengi wanaofuatilia nasaba za Kiingereza.

La kwanza ni jepesi. Agnes na Anne, kwa Waingereza wa wakati ule, lilikuwa jina moja lenye sura mbili. Agnes lilitamkwa “Anis”, herufi g ikimezwa, na mtu mmoja angeweza kuandikwa hivi leo na vile kesho. Ni kama Fatma wa kwenye cheti anavyokuwa Fatuma kwa majirani na Tuma kwa bibi yake.

La pili ni zito. Nilikuwa nausoma wosia kana kwamba ni orodha ya familia: aliyetajwa ni mwana, asiyetajwa ama amekufa au amefukuzwa. Kilichonifungua macho ni mirathi. Katika sheria ya Kiislamu mrithi hapati fungu lake kwa sababu marehemu alimtaja. Analipata kwa sababu sheria imeshampa. Wosia hauvuki theluthi ya mali, na kwa asili yake haukusudiwi kwa mrithi. Ukikuta wosia wa mzee wa Lamu au Unguja unaotaja jirani, mtumishi na msikiti, bila mke wala watoto, hutasema mzee huyo aliwachukia wanawe. Utajua kwamba fungu lao lina njia yake nyingine.

Sheria za Uingereza ya karne ya 16 zilikuwa tofauti kabisa na hizo, lakini onyo kwa msomaji wa wosia ni lile lile. Ardhi, isipokuwa imeelekezwa vingine, ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza bila kuhitaji neno la wosia. Kwa hakika, hadi sheria ya mwaka 1540, sehemu kubwa ya ardhi haikuweza kurithishwa kwa wosia kabisa. Mashamba yaliyoshikwa chini ya bwana wa eneo yalihamishwa kwenye baraza la bwana huyo, na kumbukumbu zake zilikaa huko. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Binti aliyeolewa alikuwa ameshachukua chake siku ya harusi. Baada ya hayo yote, wosia ulibaki kushughulikia masalio: ng’ombe, masufuria, mashuka, madeni, na watoto ambao bado hawajapata kitu. Kwa hiyo mtoto asiyetajwa huenda ndiye aliyetangulia kushiba.

Ni kanuni yenye mianya, lakini. Huko Kent wana wa kiume waligawana ardhi sawasawa, na zipo sehemu ambako kitinda mimba ndiye aliyerithi. Lazima ujue desturi ya mahali kabla ya kutafsiri ukimya wa karatasi.

Hata ile shilingi moja maarufu inahitaji uangalifu huo. Nyaraka nyingi zinamwachia mtoto shilingi moja tu, na simulizi inayopendwa ni kwamba mzee alikuwa anamlaani. Pengine mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba huyu ameshapewa sehemu yake, na shilingi imewekwa ili asije akadai kwamba alisahauliwa.

Tena kuna kitanda. Shakespeare mwenyewe, katika wosia wake wa tarehe 25 Machi 1616, anamtaja mkewe mara moja tu, katika maneno yaliyopenyezwa baina ya mistari: anamwachia kitanda chake cha pili kwa ubora. Watu wamejenga ndoa nzima ya machungu juu ya kitanda hicho. Wanaoikumbuka theluthi ya mjane wanajibu kwamba hakukuwa na haja ya kuandika ambacho sheria ilishatoa, na kwamba kitanda bora pengine kilikuwa cha wageni. Mimi naelekea upande huo, ingawa ushahidi wake si mzito kama wanavyodai watetezi wake. Nyumba aliyoinunua Blackfriars, London, mwaka 1613 aliiandikisha pamoja na wadhamini, na wapo wanaoona kwamba utaratibu huo ulimzuia mjane kudai theluthi yake katika nyumba ile. Ninachosema kwa uhakika ni kimoja: kitanda peke yake hakithibitishi chuki.

Historia ya vitabu vya kanisa vyenyewe ni fupi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Wengi waliandika kwenye karatasi hafifu, kwa hiyo mwaka 1598 ikaamriwa maingizo ya zamani yanakiliwe upya kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka alioingia Malkia Elizabeth I madarakani. Ndiyo maana ingizo la ubatizo wa Shakespeare tunalolitazama leo ni nakala iliyoandikwa miaka zaidi ya thelathini baadaye. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Wosia ulithibitishwa katika mahakama za Kanisa hadi Januari 1858. Zilizopitia mahakama kuu ya Canterbury, tangu 1384, ziko katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kitabu cha parokia kinakupa jina na tarehe, lakini undugu kinautaja kidogo sana. Wosia unakupa undugu tele, bila tarehe za kuzaliwa. Fikiria mkeka. Kila ingizo la ubatizo au maziko ni mwaa mmoja. Unaweza kuwa na miyaa elfu na usipate pa kulalia. Wosia ndio mkono unaosuka: unachukua mwaa huu na ule, unavipitisha juu na chini, mpaka unapata ukili. Lakini ukili mmoja nao bado si mkeka. Unahitaji kushonwa kwa ukili mwingine, yaani wosia wa shemeji, wa jirani, wa mtumishi. Ni kwenye mshono huo ndipo nasaba inaposhika.

Kwa nini mshono uwe muhimu hivyo? Kwa sababu jina peke yake ni dhaifu mno. Ukiambiwa tafuta Juma Hamisi, utawapata kila mtaa. Ukiambiwa tafuta Juma Hamisi ambaye shahidi wa ndoa yake ni fundi seremala fulani, na anayemdai ni mwenye duka fulani, na kisha ukawakuta watu haohao watatu pamoja katika karatasi nyingine, hapo umempata Juma wako. Jina linaweza kujirudia; kundi la watu linajirudia kwa nadra sana.

Stratford inatoa mfano mzuri. Nicholas Rowe, aliyeandika maisha ya Shakespeare mwaka 1709, alisema baba yake, John, alikuwa na watoto kumi. Kitabu cha kanisa kinampa wanane. Maelezo yaliyokubalika baadaye ni kwamba mjini humo alikuwamo John Shakespeare mwingine, fundi viatu, na watoto wake Ursula, Humphrey na Philip walichanganywa na wa John mtengeneza glavu. Katika hao wanane, jina Joan limo mara mbili, mwaka 1558 na 1569. Tunachukulia kwamba Joan wa kwanza alifariki na jina lake akapewa mdogo wake, kama ilivyokuwa kawaida. Hapo napo kuna tahadhari: zipo familia za Kiingereza zilizokuwa na watoto wawili hai wenye jina moja.

Maneno ya undugu yanateleza zaidi, na hapa Mswahili ana faida. Sisi tumezoea kwamba “ndugu” anaweza kuwa wa tumbo moja, wa ukoo, au wa safari tu, na kwamba baba mdogo ni baba. Waingereza wa leo wameyabana maneno yao, lakini mababu zao hawakuyabana. Neno la binamu lilimtosha karibu jamaa yeyote. Neno ambalo leo ni mama mkwe lingeweza kuwa mama wa kambo. Na Shakespeare katika wosia wake anamwita Elizabeth Hall kwa neno ambalo Mwingereza wa leo humwitia binti wa ndugu yake, ilhali Elizabeth alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Susanna. Asiye na kitabu cha parokia mkononi angechora mti wenye tawi ambalo halikuwahi kuota.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi kabla ya 1752, mwaka wa Kiingereza kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Mapacha wa Shakespeare, Hamnet na Judith, wameandikwa kubatizwa tarehe 2 Februari 1584, na kwa hesabu yetu huo ni mwaka 1585. Kwa hiyo kwenye vitabu hivyo Februari 1584 inakuja miezi kumi baada ya Aprili 1584, na asiyejua hilo atampa mtoto mzaliwa wa mwisho nafasi ya kaka.

Turudi kwa Anne. Tarehe 27 Novemba 1582, karani wa askofu wa Worcester aliandika kibali cha ndoa cha William Shakespeare na “Anne Whateley” wa Temple Grafton. Siku iliyofuata, hati ya dhamana ya ndoa hiyo inamtaja “Anne Hathwey” wa Stratford. Watu wamebuni mchumba wa pili kutokana na jina la Whateley. Lakini siku ile ile ya 27 karani alikuwa na shauri la zaka linalomhusu kasisi aitwaye William Whateley, na wengi wanaona, nami naona, kwamba jina hilo lilimponyoka kalamuni.

Hati ya dhamana ndiyo yenye thamani. Wadhamini wawili waliahidi pauni 40 iwapo ndoa ingekuja kuonekana ina kasoro: Fulk Sandells na John Richardson, wakulima. Sasa fungua tena wosia wa Richard Hathaway, ulioandikwa mwaka mmoja kabla. Sandells yumo, kama mmoja wa waangalizi wa wosia, rafiki anayeaminiwa. Richardson yumo, kama shahidi. Na Agnes anaachiwa pauni 6, shilingi 13 na peni 4, zilipwe siku ya kuolewa kwake. Wanaume walioaminiwa na baba, mmoja kuusimamia na mwingine kuushuhudia wosia wenye fungu la harusi la Agnes, ndio waliosimama kudhamini harusi ya Anne.

Bado mtu mkaidi anaweza kusema Agnes si Anne. Ni hapo anapoingia mchunga kondoo. Katika orodha ya madeni yake, Richard anakiri kwamba mchungaji wa kondoo wake, Thomas Whittington, anamdai pauni 4, shilingi 6 na peni 8. Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1601 Whittington akaandika wosia wake mwenyewe. Humo anawaachia maskini wa Stratford shilingi 40, na kwa kuwa fedha hizo hakuwa nazo, anaeleza zilipo: ziko mkononi mwa Anne, mke wa Bwana William Shakespeare.

Wapo wanaozisoma shilingi hizo kama mshahara ambao familia ilikuwa bado haijamlipa, na wapo wanaozisoma kama akiba ambayo mzee asiye na sanduku la fedha alimwekesha mtu aliyemwamini. Kwa vyovyote vile, mtumishi wa Richard wa Shottery alikuwa na fedha zake kwa mke wa Shakespeare. Hakuna karatasi hata moja inayosema waziwazi kwamba Anne huyu ni binti wa Richard. Zipo tatu, kutoka mikono mitatu, mbili zikiwa ni wosia na moja hati ya dhamana, na zote zimejaa watu wale wale.