Paa halivuji, mbona vyeti vimeota ukungu?

Mvua za vuli zikikolea, kitengo chetu cha uhifadhi wa nyaraka huulizwa swali lilelile na wakazi wa Mwanza: paa halivuji, sakafu ni kavu, mbona vyeti vina madoadoa na nguo za kwenye begi zinanuka uvundo? Ni kwa sababu mali nyingi haziharibiwi na maji unayoyaona. Zinaharibiwa na mvuke uliomo hewani, na kandokando ya ziwa mvuke haukosekani.

Hewa ikiwa na joto hubeba mvuke mwingi, ikipoa hubeba kidogo. Chukua chumba chenye nyuzi joto 28 saa nane mchana, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 60, yaani hewa imebeba asilimia 60 ya mvuke inaoweza kuubeba kwa joto hilo. Hapo hakuna tatizo. Hewa hiyohiyo ikipoa usiku hadi nyuzi 20, na mvuke wake umo humohumo, unyevu unapita asilimia 90. Bati lisilo na dari hupoa hata kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri unakuta matone yananing'inia upande wa ndani ilhali hakuna tundu hata la msumari. Kwa nyumba za milimani, kama Mabatini au Igogo, kuna na ukuta uliojengwa kugusana na jabali. Maji ya mvua huteremka nyuma yake, na ukuta huo hukaa na ubaridi hata baada ya mvua kukatika. Na huko ndiko wengi wetu tunakosukumia kabati, kwa vile upande huo hauna dirisha!

Ukungu hustawi pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa. Vipimo vya unyevu vinauzwa, lakini kipo kingine jikoni kwako. Chumvi ya mezani huanza kunyonya mvuke na kuyeyuka unyevu unapofika takriban asilimia 75. Ikaushe kwenye kikaango, ipoe, kisha weka kijiko kimoja kwenye kisosi pale unapotunzia vitu. Usikiweke juu ya sanduku la bati, chumvi ikimwagika italila. Asubuhi ukiikuta imelowa na kung'aa, hapo si mahali pa kuweka hati ya kiwanja. Tumia visosi viwili, kimoja karibu na ukuta unaoushuku na kingine katikati ya chumba, ndipo utajua kama shida ni ya nyumba nzima au ni ya kona moja.

Ikiwa ni kona, hamisha vitu. Ikiwa ni nyumba nzima, inua masanduku juu ya matofali ya kuchoma yaliyokauka au vipande vya mbao, uyaache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Zulia chini ya sanduku halisaidii kitu.

Kinachosahaulika zaidi ni saa ya kufungia. Nguo na karatasi hunyonya mvuke wa hewa zilimokaa, kwa hiyo ukizipanga jioni baada ya mvua unafungia unyevu ndani pamoja nazo. Subiri siku ya jua, fanya kazi hiyo kati ya saa saba na saa kumi mchana. Nguo zilizotoka kwenye pasi zipoe kwanza. Sanduku lijae: nguo kavu zikijaa hunyonya na kuachia mvuke kidogokidogo, hivyo hali ya ndani haibadilikibadiliki. Sanduku la bati litandikwe shuka la pamba pande zote, vitu visigusane na chuma.

Kuhusu mkaa ambao wengi huutia kabatini: ukiwa umekaushwa vizuri, ndani ya chombo kinachofungika, unasaidia kiasi. Kwenye kabati lenye milango iliyopinda ni kazi bure. Vidonge vya naftalini hufukuza wadudu, unyevu haviugusi. Na laminesheni, tafadhali, msipeleke vyeti halisi. Plastiki ile ya moto haitoki tena bila kuharibu karatasi. Tumieni bahasha ya plastiki iliyo wazi upande mmoja, na nakala iwekwe nyumba nyingine.

Vitu vikishalowa, hesabu saa 48, kwani baada ya hapo ukungu huanza. Karatasi zianikwe kivulini penye upepo, juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, maana wino wa gazeti hugandia. Picha zilizoshikana zisibanduliwe zikiwa kavu: zilowekwe kwenye maji safi ya baridi hadi ziachie zenyewe, kisha zianikwe uso ukiwa juu. Karatasi yenye ukungu ikaushwe kwanza, halafu ipanguswe nje kwa brashi laini, umevaa barakoa. Kitambaa chenye maji kitausugulia ukungu ndani.

Karatasi zikiwa nyingi na mvua haikatiki, zigawe mafungu madogo, zitie kwenye mifuko safi ya plastiki na uziweke kwenye friza. Baridi kali haiui ukungu ila inausimamisha, nawe utapata muda wa kutoa fungu mojamoja na kulikausha. Friza ya muuza soda jirani inafaa. Ya sangara pia inafaa, mradi mifuko iwe miwili na imefungwa kweli.