Mto Sabaki haukuzaliwa mwekundu hivi

Kaskazi ikianza kuvuma, tope la Sabaki husukumwa kusini na bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo maneno huanza. Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, na haya nimeyasikia kwa wazazi na walimu wenzangu. Mojawapo nililiamini mwenyewe.

"Sabaki ni mwekundu tangu enzi za mababu."
Tope lilikuwepo, hilo sikatai. Mto unaopita nchi kame hauwezi kuwa kioo. Lakini si kwa kiasi hiki, na shahidi yuko baharini. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka kama pete za mti, na tope la mto likifika huacha alama ya madini ya bariamu katika tabaka la mwaka huo. Wataalamu walichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kuanzia 1700 hadi 1900 tope halikubadilika sana. Baada ya hapo likapanda. Ndicho kipindi walowezi walipotwaa ardhi huko bara na mashamba kufyekwa mpaka kwenye miteremko.

"Basi kosa ni la bara, sisi tufanye nini?"
Ni kweli maji yanaanzia huko karibu na Nairobi yakiitwa Athi, yakikutana na mto Tsavo yanakuwa Galana, yakitufikia ni Sabaki. Lakini kingo za huku nani anazilima mpaka majini? Kanuni za maji za Kenya zinataka ukingo uachwe, mita 6 hadi 30 kulingana na mto wenyewe. Nionyeshe shamba la mtoni lililoacha hata 6. Halafu wengi mjini wanalalamikia mto bila kujua kwamba maji ya bomba lao yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki hiyo hiyo. Mchanga wa mto ndio chujio la kwanza, na ndio huo huo tunaopakia kwenye malori.

"Tupande mikoko, mto utapona."
Hili ndilo langu. Tulikwenda na wanafunzi maji yakiwa yamekupwa, tukachomeka mbegu ndefu za mkoko kwenye tope la wazi karibu na mlango wa mto, tukaimba, tukapigwa picha. Masika yalipopita tulikuta vijiti vichache vilivyofukiwa nusu. Mzee mmoja aliyewahi kukata boriti alitutazama akacheka: "Mwalimu, hapa ni pa mchu." Ingawa miti hii yote huitwa mikoko, iko aina aina. Mkoko wenyewe hupenda tope laini mahali palipokingwa na mawimbi. Mchu ni aina nyingine, huvumilia mchanga, na chumvi inayopanda na kushuka kila maji yanapojaa na kupwa. Na hata mchu una kikomo: mizizi yake hupumua kwa vidole vinavyochomoza juu ya tope, vikifukiwa mti unakufa. Yaani tope lisipozuiwa huko juu, tunapanda kaburini.

Huko juu mtoni kazi ya kuzuia tope ni ya nyasi na matete. Hapo tena utasikia "yafyekwe, yanaficha mamba". Mamba wapo, viboko wapo, simlaumu mzazi. Lakini mamba wa Sabaki hahitaji matete, maji yenyewe yanamficha. Ukingo ukinyolewa, mafuriko yanaubomoa wote. Sisi tulichagua sehemu moja palipo peupe pa kufanyia kazi zetu, na mtoto haingii majini.

Kuokota chupa ufuoni? Ni usafi, si tiba ya mto. Tunaokota, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani.

"Kupima maji ni kazi ya maabara."
Ndoo, chujio la chai na sahani nyeupe vinatosha kuanzia. Kuna wadudu wa majini wasiostahimili uchafu. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, jua mto unaumwa. Kipimo hiki hakifai mlangoni mwa mto, chumvi itakudanganya, kwa hiyo tunapanda juu kidogo. Tope nalo tunalipima kwa chupa: unateka maji, unaiacha itulie usiku kucha, asubuhi unaweka rula. Dirishani mwa darasa zimepangwa, kila moja na mwezi wake. Ya Novemba, baada ya mvua za vuli, tope limefika vidole viwili, na mtoto mmoja amechora mstari hapo kwa kalamu ya wino.