WAJA sio madaktari wa bei chee: mambo tunayodanganyana kuhusu wahudumu wa afya mtaani

Kuna kikao cha mtaa nilikaa huku Ngarenaro, Arusha, ajenda ilikuwa kupendekeza majina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa tunaowaita WAJA, basi jina la kwanza kutajwa likawa la kijana mmoja na sababu iliyotolewa ni hii: huyu anashinda kijiweni, hana kazi, mpeni hii. Watu wakapiga makofi kabisa. Mi ni nesi wa zahanati, ripoti za WAJA kila mwezi zinakuja mezani kwangu, nikanyoosha mkono nikauliza swali moja tu, nani humu ndani mtoto akiharisha saa nane usiku atamgongea huyu kijana mlango? Kimyaa.

Hiyo ndo dhana ya kwanza na kwangu ndo inazaa zingine zote, kwamba hii ni ajira ya kumsitiri mtu. Ukweli ni kwamba ukikosea kuchagua hamna mafunzo yatakayokuokoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unasema angalia elimu inayotosha kwa kazi yenyewe, angalia kama mtu ni wa hapo na wenzake wanamkubali, angalia tabia yake, halafu mambo ya kaoa au kaolewa yasiwe kigezo. Na mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unataka WAJA 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Wengine wanadhani huyo wa pili ni wa kujaza nafasi. Jamani, mama aliyejifungua juzi hawezi kumfunulia kaka wa jirani ziwa lililovimba, na vijana wa bodaboda nao hawawezi kumweleza mtu wa umri wa mama yao kwamba wana gono.

Mwishowe kikao kikamchagua mama mmoja anauza mboga sokoni, nyumba zote anazijua, mimba anaijua kabla mwenyewe hajamwambia mume. Tukafurahi. Ila hapo napo pana mtego, maana kuna mwingine wa aina hiyo hiyo niliwahi kumsimamia, mchapakazi kweli, siku moja akamwona mgonjwa wake wa TB ng'ambo ya barabara akapaza sauti "we baba, dawa za leo umemeza?" Alikuwa anajali. Yule baba wiki mbili akawa anazunguka njia nyingine asikutane nae. Kwa hiyo anayejua kila kitu lazima afundishwe kunyamaza, na hilo halifundishwi kwa kusomewa slaidi.

Ndo maana nikisikia mtu anasema semina ya siku tatu inatosha nacheka tu. Kuna mradi ulishapita huku, siutaji, wakafundisha watu siku tatu hotelini, tisheti, kofia, picha ya pamoja, kwaheri. Mafunzo ya WAJA kwa utaratibu wa sasa ni miezi sita, na Ethiopia wanaosomea kazi kama hiyo wanakaa mwaka mzima. Miezi sita ya nini? Nikupe kimoja tu, kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Inaonekana rahisi. Mtoto atulie kwanza, asiwe analia wala ananyonya, nguo ipandishwe uone kifua, uhesabu dakika nzima. Wanafunzi karibu wote wa mwanzo wanahesabu sekunde kumi na tano wanazidisha mara nne, na hapo ukipitiwa na pumzi moja tu umeshakosea nne. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka chini ya 5 akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka, inaweza kuwa nimonia, anatakiwa matibabu siku hiyo hiyo. Nimeona mtu anarudia zoezi hilo mara ishirini kwa mtoto wa dada yake ndo mkono na jicho vikakubaliana.

Alafu kuna wanaoamini WAJA ni daktari mdogo, wanamdai sindano mlangoni. Hapana. Kazi yake ni kuelimisha, kufuatilia, kutambua dalili mapema na kukuleta kituoni, mfano ule utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, hapo hamna kujadiliana.

Na elimu yenyewe isiwe ya kukariri. Huku kwetu Arusha maji ya sehemu nyingi yana floraidi, ndo yale meno ya kahawia tunayotaniwa nayo, sasa mhudumu aliyekariri "chemsha maji" anamwambia mama achemshe halafu mama anaamini kila tatizo limeisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua inakolea. Na magadi tunayopikia makande nayo huwa na floraidi humo humo. Mtu wa Dar hawezi kulijua hilo akikuandalia somo.

Suala la hela sasa. Wanasema kujitolea ndo moyo, ukiwalipa unawaharibu. Tumejaribu hiyo miaka mingi sana hapa Tanzania, wahudumu wa vijijini wamekuwepo tangu miaka ya 70, enzi za kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, na wengi wakaacha kwa sababu shamba linataka kulimwa na mtoto anataka ada. WHO inasema walipwe kulingana na kazi na wawe na mkataba, na isiwe malipo yote au sehemu kubwa yanategemea idadi ya kazi tu, maana ukilipa kwa kila mjamzito anayeletwa basi babu mwenye presha hatapigiwa hodi mpaka Yesu arudi. Na wanaosema ni mambo ya nchi maskini, Brazil wanao zaidi ya laki mbili, Marekani wenyewe wana wa jamii za Wahindi Wekundu tangu 1968.

La mwisho, eti akishafuzu kazi imeisha. Hapa lawama nabeba na mi mwenyewe. Karatasi ya rufaa ina kipande cha chini tunachotakiwa kujaza sisi wa kituoni kirudi kwa WAJA, ajue mgonjwa alifika na aendelee nae vipi. Yule mama wa mboga alikuja siku moja na daftari lake akaniuliza, "nesi, wale kumi na nne niliowaleta, walipona?" Nikafungua droo, vipande vyake vyote vilikuwa humo, havijajazwa hata kimoja. Tukakaa chini tukaanza na wa kwanza.