Je, wajua kwa nini makaburi ya kale ya Malindi yana minara?

Ukielekea ufukweni Malindi mjini, kando ya Msikiti wa Jamia utakuta kaburi la mawe la karne ya 15 lenye mnara mrefu. Wageni wengi hudhani ni mabaki ya msikiti. Ni heshima aliyopewa mtu mkubwa wa mji baada ya kufa.

Ndani ya mnara hamna maiti. Marehemu alizikwa ardhini kama Mwislamu yeyote, kalazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa pwani yetu, kichwa huwa upande wa mashariki, na mara nyingi mnara nao husimama upande huohuo.

Wanazuoni wengi hawapendi kaburi lijengewe, na minara ya namna hii ni ya pwani yetu hasa, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Kaole na Kunduchi kule Tanzania. Walioipata ni watawala, masheikh na matajiri. La kuzingatia ni mahali: kaburi liko palepale msikitini, ndani ya mji. Anayekwenda kuswali hulipita mara tano kwa siku, na kulipita ni kukumbushwa kumsomea Fatiha aliyelala pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya mnara. Hata leo watu wa Shela, Lamu, huvuka hadi kaburi la mnara la Takwa, kisiwani Manda, kuomba mvua.

Kiini cha mnara ni mawe ya miamba yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mapambo huchongwa kwenye tumbawe laini la baharini, nalo lataka kuchongwa lingali bichi, maana likikauka huwa gumu. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, kisha yakamwagiwa maji. Fundi aliacha kishimo cha mviringo ukutani, akakipaka chokaa mbichi, akalikandamiza humo bakuli la kauri. Mnara wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ulipambwa kwa bakuli za China za enzi ya Ming. Kauri haichujuki kwa jua wala kwa upepo wa chumvi, na ilionyesha kwamba mwenyewe alikuwa na mkono katika biashara ya ng'ambo. Siku hizi kwenye makaburi mengi zimebaki duara tupu, bakuli zimebanduliwa.

Kule Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, kuna kaburi lililochongwa mwaka wenyewe: 802 Hijria, yaani 1399. Mwaka huo mmoja umewasaidia watafiti kukadiria umri wa majengo ya jirani.

Adui wa makaburi haya ni mizizi ya miti, inayopenya kwenye nyufa na kupasua ukuta. Lakini linaloniuma zaidi ni saruji ya mtu mwenye nia njema. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji ya chumvi yakinaswa nyuma yake, jiwe humung'unyuka ndani kwa ndani, halafu kipande kizima cha plasta huanguka na nakshi zake. Tumia chokaa: kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vitatu, usio wa baharini. Lowesha ukuta kwanza, paka tabaka jembamba, kisha lifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likikauka haraka kwa jua la Malindi, litapasuka.