Kopi inayolala kitanda kimoja na faili

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Papa mmoja mwenye depo ya saruji na mabati huko Birere, mtaa wa hapa Goma, ananipigia: "Fundi, mafaili yote yamebadilika majina, hayafunguki. Lakini usiogope, kopi ninayo." Nikauliza iko wapi. "Si hapa nyuma ya mashine, kwenye diski ya nje, tangu siku ile ulipoichomeka."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza.

Kirusi cha kudai fidia hakijui diski ipi ni ya kazi na ipi ni ya akiba. Kinaona herufi tu: C, D, E. Chochote ambacho akaunti yako inaweza kuandika juu yake, kinafungwa kwa ufunguo usio nao: diski ya nje, flashi uliyoisahau, hata folda ya pamoja kwenye mashine ya sekreteri. Vingi hufuta pia nakala ambazo Windows hujiwekea kimyakimya. Diski iliyochomekwa saa zote ni droo nyingine ya meza ileile. Itakufaa diski ya ndani ikifa, sawa, ila na umeme wetu unavyoruka, hizo mbili zinakula kwenye ralonji moja.

"Basi mimi niko kwenye OneDrive, ile hifadhi ya intanetini ya Microsoft." Hapo ndipo damu inanichemka. Kusawazisha si kuweka akiba! Ukifuta huku, kule kunafutika. Faili likifungwa na kirusi, lililofungwa linapanda juu kwa uaminifu wote na kukalia nafasi ya lile zima. Matoleo ya zamani yapo, ndiyo, na anayelipia Microsoft 365 anaweza kurudisha folda nzima ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Sasa niambie, mhasibu wako anayefungua kitabu cha madeni mara moja kwa robo mwaka atagundua siku ya ngapi?

Na "nani atahangaika na depo yangu?" Hakuna aliyehangaika nayo. STOP/Djvu, kirusi kimoja cha aina hii, husafiri ndani ya programu zilizovunjwa leseni. Yule kijana aliyekuwekea Office ya bure alianza kwa kuzima antivirusi. Ulidhani kwa nini? Halafu wanakudai dola 980, ukilipa ndani ya saa 72 ni 490, punguzo ambalo hata soko la Virunga hulipati. Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya antivirusi, walitoa kifungulio cha bure cha matoleo ya zamani. Kwa mapya, mara nyingi hakisaidii.

Mimi naweka diski mbili kwa zamu, Jumatatu moja, Ijumaa nyingine. Inachomekwa wakati wa kunakili tu, kisha inachomolewa, na moja inalala nyumbani kwa patroni. Lakini hapa ni Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji. Ilirudi tarehe 22 Mei 2021, ikafika ukingoni mwa mji, na siku tano baadaye tukaambiwa tuondoke. Wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Tulibeba watoto na magodoro. Diski nani aliikumbuka? Ndiyo maana faili la uhasibu, ambalo likibanwa ni megabaiti chache, nalifunga kwa neno la siri na kulipandisha intanetini kila usiku, toleo jipya bila kufuta la jana. Picha na skani hazipandi. Kwa bei ya megabaiti zetu, nimechagua cha kupoteza, na sijawahi kulala vizuri na uchaguzi huo.

Vitabu vinasema ujaribu kurudisha kopi kila mwezi. Najaribu nikikumbuka, faili moja au mawili. Vinasema pia usilipe kamwe. Nalisema hilo kwa wateja, ila kwa mtu ambaye madeni yote ya wateja wake yako humo ndani, nalisema kwa sauti ya chini.

Papa sasa anakusanya fakitire moja moja kutoka WhatsApp, zile alizowahi kuwatumia wateja. Amefika Machi. Jana akaniuliza, kwa upole, kwa nini sikumwambia achomoe ile diski. Nikatafuta karatasi yangu ya kazi ya siku ile. Nimeandika kwa mkono wangu: "Diski imewekwa, inafanya kazi."